Kabati la Farida

Sauti ya mama yake ilimkuta Farida kantini, kijiko cha wali kikiwa njiani baina ya sahani na mdomo. Ilitoka kwenye spika ambayo wavulana wa mwaka wa pili waliiweka dirishani kila mchana. Ilikuwa imepandishwa juu ya midundo ya singeli, ikakimbizwa hadi ikawa nyembamba kidogo, lakini alikuwa ni yeye. Meza mbili nzima zilisimama kucheza. Kijana mmoja alivua shati akalizungusha hewani. Farida aliutia wali mdomoni, akautafuna, akaumeza, akachota kijiko kingine.

Baadaye angeufikiria sana ule wali. Mtu anayesikia sauti ya mzazi wake ikikatiwa viuno na wanaume wasiomjua anapaswa apige ukelele, au aanguke, au walau aache kula. Yeye alimaliza sahani, na mchuzi uliobaki akaufuta kwa kidole. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kama vya mtu aliyelalia mkono. Alijitafuta hasira kifuani, hakuiona. Akatafuta haya, nayo hakuiona. Kwamba jambo kubwa limetokea alilijua barabara. Kulijua jambo na kulihisi ni vitu viwili, na mchana ule alifikiwa na kimoja tu.

Maneno ya wimbo wenyewe hayataandikwa hapa, kwa kuwa hadithi haichagui msomaji, na huenda hii ikaangukia mikononi mwa mwanamume. Inatosha kusema kwamba ulikuwa wimbo wa kumfundia mwali, wa nyumba ya wanawake, unaoimbwa mlango umekomewa na vitoto vya kiume vimefukuziwa barabarani. Wazaramo wa Wazo walikuwa nao kabla kiwanda cha saruji hakijaanza kuyapaka mabati yao vumbi, na wanao hadi leo. Mwanamume akiusikia hadhuriki. Anayedhurika ni aliyeutoa nje. Akiwa ni kungwi, hunyang'anywa ngoma, na mlango wa mwali haufungui tena maishani mwake. Na Bi Chausiku, mama yake Farida, alikuwa ndiye kungwi wa mitaa ile. Mumewe alikwisha kuhamia Kibiti kwa mke mdogo, biashara yake ya vitumbua haikuwa ya kujivunia, na nyumba ilikuwa na ufa tangu msingi. Lakini akipita njiani, wanawake walioolewa na wenye watoto walipiga goti kumwamkia, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja ambaye siku ya uali wake hakutolewa nje na sauti yake.

Sasa sauti hiyo ilikuwa dirishani, na Farida alijua jinsi ilivyofika pale, kwa sababu njia aliijenga mwenyewe.

Chuo kilikuwa juu ya vilima vya Madale, mahali penye upepo mzuri na intaneti ya kuhurumiwa. Kufungua ukurasa mmoja kulihitaji subira ya mvuvi, na bando la simu halikudumu hadi Ijumaa. Ila kompyuta za maabara zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa nyaya, na baina yao faili lilipita kwa kupepesa jicho. Farida alikuwa wa kwanza kuona kwamba watu wenye kisima cha pamoja hawana haja ya kununua maji kila mmoja kivyake. Alifungua folda moja ndani ya mtandao wa chuo, akaificha mahali ambapo walimu hawapiti, akaiita Kabati. Anayetaka wimbo achukue, aliye na wimbo aweke.

Kabati lilinenepa. Bongo fleva, singeli, taarabu, kwaya za Kikatoliki, hata mawaidha ya mwezi mtukufu yalikuwamo. Hapakuwa na wimbo uliolipiwa, wala hapakuwa na mtu aliyewaza kwamba yuko wa kulipwa. Uongozi ulibandika tangazo kwenye mlango wa maabara kwamba kunakili kazi za wasanii bila idhini ni kosa la jinai, na chini yake mtu akaandika kwa kalamu nyekundu: Ujumbe umefika, Kabati limejaa, asanteni. Farida, ambaye tangu shule ya msingi hakuwahi kujulikana kwa lolote, alianza kuitwa Mama Kabati. Jina lilimkaa. Alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Tamaa ndiyo iliyomfanya aende hatua moja mbele. Bwenini umeme ulikuwa wa kukatika, na maabara ilikuwa na jenereta, kwa hiyo wanafunzi walizoea kuja kuchomeka simu zao kwenye kompyuta ili zipate chaji. Farida aliandika programu ndogo. Simu ikichomekwa, na mwenyewe akibonyeza kukubali bila kusoma anachokubali, kama ilivyo desturi yetu sote, basi kila sauti iliyomo ndani yake ilinakiliwa kimyakimya na kwenda Kabatini. Hakuuona huo kuwa wizi. Aliyeibiwa alibaki na mali yake yote, na wizi gani huo? Akalala usingizi mzuri tu.

Kuhusu wimbo, ilikuwa hivi. Likizo iliyopita mama yake alimwita jikoni, akafunga mlango, akaketi juu ya kibao cha mbuzi, akageuza sufuria na kuanza kuligonga kitako kwa vidole. Alisema magoti yameanza kumsaliti na makungwi wenzake hawaujui wimbo wote. Wao ni wa kuitikia, mwenye kuubeba ni yeye. Alirithishwa na mama yake, naye anataka Farida aubebe. "Huu hauandikwi, mwanangu, wala haunaswi kwenye madude," alisema. "Unaingia kwa sikio, unalala humu." Akajigusa chini ya titi. Farida aliitikia ndiyo mama, na chini ya fundo la kanga, kiunoni, simu yake ilikuwa tayari inanasa.

Hakufanya kwa ubaya. Wimbo ulikuwa mrefu, una vipengele na mapindo, yeye kichwa chake kilijaa mitihani, na aliona ataujifunza taratibu akirudi chuoni. Mama aliimba kutoka mwanzo hadi mwisho, peke yake, bila ngoma na bila kuitikiwa. Farida alitikisa kichwa mahali panapostahili. Akarudi Madale na hakuusikiliza hata mara moja. Kitu kikishawekwa mahali salama, mtu hujipa ruhusa ya kutokijua.

Kisha umeme ukakatika siku mbili mfululizo, simu yake ikazima, akaenda maabara akaichomeka kama wengine. Programu haimjui bwana wake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, na hawakuwa wamewahi kuona kompyuta.

Alimkuta Twaha nyuma ya karakana, amevaa vipokea sauti shingoni. Twaha alikuwa kijana wa Mbagala, mcheshi, mtengeneza midundo ambaye Farida mwenyewe alikuwa akimsifu.

"Twaha, huo wimbo uliopigwa kantini umeutoa wapi?"

"Kabatini kwako, Mama Kabati, wapi kwingine?" Alicheka. "Faili halina hata jina, namba tupu. Nikafungua, nikamkuta huyo bibi. Sista, yule bibi ana koo! Nimechukua kipande cha mwanzo tu, nikakizungusha. Kule ndani ni kurefu sana, watu wangelala."

"Umeupeleka wapi?"

"Sema sijaupeleka wapi. Mwenge wanauuza kwenye memori kadi, bajaji zote za Tegeta zinao. Juzi nimeusikia hadi harusini Bunju." Alimtazama usoni, akapunguza kicheko. "Kwani vipi? Kuna ishu?"

"Ni mama yangu."

Twaha alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama yuko msibani. "Wallahi sikujua. Sie kwetu hizi nyimbo zilishatokaga nje zamani, zinapigwa tu kwenye vigodoro vya mtaani usiku kucha, hakuna anayejali. Nikajua na huu ni hivyohivyo. Naufuta leo leo."

"Futa," alisema Farida.

Wote wawili walijua kwamba neno hilo halina kazi. Twaha ndiye aliyelengwa na machozi. Farida aliyaona, akamwonea wivu kidogo.

Siku iliyofuata alikwenda ofisini kwa Mwalimu Benedikto, msimamizi wa mtandao wa chuo, mtu wa Songea aliyekuwa amelitafuta Kabati muhula mzima. Alitaka faili lile lifutwe hata kwenye nakala za akiba ambazo wanafunzi hawazifikii, na hakuna njia ya kuliomba hilo bila kujitaja. Alijitaja. Mwalimu Benedikto aliegemea kiti, akavua miwani, akaonekana mtu aliyepata mgeni aliyemsubiri.

"Kumbe wewe! Mimi nilikuwa nawashuku wavulana." Aligeuza skrini ili wote wawili waone. Kabati lilimwagika mbele yao, safu juu ya safu. "Unajua hawa watu wamelala njaa studio ili watoe hivi vitu? Hizi zote zina wenyewe, Farida. Nazifuta, na wewe maabara utaisikia kwa jirani hadi muhula uishe. Ushukuru kwamba sikupeleki mbele zaidi."

"Nashukuru, mwalimu. Na ile?"

"Ipi?"

Alimwonyesha. Mwalimu Benedikto aliisikiliza kidogo, kichwa kimeinama, na Farida akainyoosha mikono yake mapajani akazitazama kucha moja moja, maana pale tena palikuwa na mwanamume na mama yake, na yeye katikati.

"Nani huyu? Msanii gani?"

"Si msanii. Ni mama yangu."

"Ameusajili wimbo?"

"Hausajiliwi, mwalimu."

"Kautunga yeye?"

"Hapana. Wa zamani."

"Basi ni wimbo wa jadi." Mwalimu Benedikto alirudisha miwani usoni kwa upole. Alikuwa mwema, na alitaka kumpoza. "Wa jadi ni wetu sote. Ukiniuliza mimi, humu ndani huu ndio pekee usio na kosa. Ningeuacha, ni urithi. Lakini kama unakukera, haya, bonyeza mwenyewe."

Farida alibonyeza. Alipotoka nje, akiwa bado amesimama kwenye ngazi, alitoa simu akaufuta na humo. Alidhani toba huanzia hapo. Alingoja ahisi kitu, walau wepesi, lakini upepo wa Madale ulipita tu ukimpeperushia mtandio.

Jumamosi alishuka Wazo. Bi Chausiku alikuwa uani anakuna nazi, na hakuinua kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Kuna kisamvu humo."

Kwa namna mama yake alivyokuna ile nazi, akipita hadi kwenye kifuu cheusi na kuendelea, Farida alijua kwamba amekwisha kuusikia. Na akiwa ameusikia, amejua. Bi Chausiku aliimba wimbo ule na wanawake wengine mara nyingi, ngoma ikilia na sauti ishirini zikimwitikia. Aliuimba peke yake, kwa sufuria, mara moja tu, na jikoni siku ile walikuwa wawili.

"Mama, mie..."

"Kula kwanza."

Alikula. Mama yake alikamua tui, akalichuja, akafunika. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mchele, kwamba kesho baada ya adhuhuri ameitwa kwa Bi Zubeda. Makungwi wenzake wanataka kumkalisha kitako. Wimbo hauna ngoma wala mwitikio, kwa hiyo wamesema ameimba studio, ameuza. "Na ngoma wameniambia niende nayo," alimalizia.

"Mie nitakwenda na wewe. Nitawaambia ukweli."

Bi Chausiku alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Macho yake hayakuwa na ukali. Pengine ukali ungesaidia. "Unajua mwali aliyefundwa akitoa nje alichofundwa anafanywa nini?"

Farida alijua. Hapigwi wala hatozwi. Huwa hahesabiwi tu. Harusi yake haina mwanamke atakayeingia jikoni, uzazi wake hauna wa kumfunga mkanda wa tumbo, binti zake hawana wa kuwatoa nje, na akipita njiani anaitikiwa salamu kwa mdomo bila jicho. Yuko mwanamke mmoja wa namna hiyo pale Wazo, nyumba ya mwisho karibu na korongo. Farida alikua akimwona na hakuwahi kujua jina lake.

"Najua," alisema.

"Basi kalale."

Nyumbani kwa Bi Zubeda, mkubwa wao, mikeka ilitandikwa chumba kizima na wanawake walikuwa wameketi wakiegemea kuta, wamejitanda kanga. Ngoma ya Bi Chausiku iliwekwa katikati. Farida aliketi mlangoni, mahali pa wadogo. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, akayarudia kimoyomoyo hadi yakawa laini.

Bi Zubeda hakuzunguka. "Chausiku, ile sauti inayotudhalilisha barabarani ni yako?"

"Ni yangu."

"Mume wangu ananiimbia mezani. Mjukuu wangu wa kiume anaijua. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea."

"Umeimbia wapi?"

"Mwenge," alisema Bi Chausiku. "Kuna vijana wana studio. Walinipa hela, nikachukua. Shida zilinizidi."

Chumba kiliguna. Farida alishangaa jinsi uongo ule ulivyotoka umekamilika, una mahali na una sababu. Alisimama.

"Si kweli," alisema. "Ni mie. Nilimnasa kwa simu jikoni, nimeificha kwenye kanga, yeye hakujua. Nikaichomeka chuoni, ikanakiliwa kwenye mtandao, na kijana wa darasani akauchukua. Mama hana kosa."

Yote yalikuwa kweli na yote yalikuwa kwa mpangilio, na aliyasema kama mtu anayesoma tangazo la mazishi redioni. Wanawake walimgeukia. Walimtazama macho, yakiwa makavu. Wakatazama mikono yake, iliyotulia mbele yake. Angelia, angetetemeka, angemwangukia Bi Zubeda miguuni, pengine mmoja wao angemwamini. Lakini chumba kile kilijaa watu waliozika na kuzaa, nao walijua mkosaji anavyofanana, na huyu hakufanana.

"Kaa chini, mwanangu," alisema Bi Zubeda, na kulikuwa na huruma katika sauti yake. "Mtoto anamkinga mama yake, ndivyo inavyotakiwa. Wangu wasingenifanyia."

"Naapa..."

"Usiapie uongo. Kaa."

"Mwacheni," alisema Bi Chausiku, bila kugeuka nyuma. "Ananipenda huyo, ndiyo maana."

Farida alikaa. Mama yake aliletewa msahafu, akaweka mkono, akala yamini kwamba wimbo ule hautatoka tena kinywani mwake, uwe wote uwe nusu, hata kwa kumbembeleza mjukuu. Wanawake wawili waliibeba ngoma wakaiingiza chumba cha ndani. Kisha pakawa na chai, kwa sababu wageni hawaondoki hivihivi, na Bi Chausiku akanywa kikombe chake hadi mwisho, akashukuru, akaaga kila mtu kwa jina. Wakiwa njiani kurudi, vumbi la kiwanda likiwaangukia mabegani, Farida alitaka kumuuliza kwa nini. Hakuuliza. Ilikuwa rahisi zaidi kuchukulia kwamba anajua.

Muhula uliendelea. Chuoni hapakuwa na Kabati tena, na kwa wiki chache watu walimlaumu, kisha wakapata njia nyingine. Hakuna aliyemwita Mama Kabati. Singeli nazo hazina maisha marefu. Ikatoka nyingine, ikatoka nyingine, na bajaji za Tegeta zikausahau wimbo kwa wepesi uleule zilioupokea. Nyumbani wanawake bado walimwamkia Bi Chausiku, lakini walisimama wima. Aliendelea kupika vitumbua. Alikuwa na desturi ya kuimba akikoroga unga, chochote tu, hata tangazo la sabuni, na Farida kila alipokwenda aligundua baada ya saa nzima kwamba kinachomsumbua masikioni ni ukimya.

Akajizoeza ukimya huo. Mtu huzoea. Alifanya mitihani, akafaulu.

Mwali wa nyumba ya tatu alikuwa atolewe nje siku ya Ijumaa, alasiri. Farida alikuwapo, ameketi na mama yake uani, ungo wa mchele baina yao. Ngoma iliposikika walijua ni ile ile, maana kila ngoma ina kikohozi chake. Kungwi mpya alikuwa na sauti nzuri ya kijana. Alianza vyema, wenzake wakamwitikia, na Bi Chausiku aliendelea kuchambua, akitoa kijiwe, akitoa chuya, uso wake haumwambii mtu kitu.

Wimbo ulipofika mbele kidogo, sauti ilisita. Ngoma ikaendelea yenyewe ikizunguka mahali pamoja, kama mtu aliyefika njia panda. Sauti ikarudi mwanzo, ikaja tena hadi pale, ikasita tena. Mlango ukiwa umefungwa na mwali amesimama juu ya mkeka, hawezi kutoka hadi wimbo ufike mwisho. Asipotoka nao, jua likazama, amerudishwa ndani, na mwali aliyerudishwa ndani ana mkosi wa kumfuata hadi kwa mume.

"Wamekwama," alisema Bi Chausiku.

Aliuweka ungo kando, akasimama kwa shida ya magoti, akaingia ndani. Alirudi na kanga mpya, pande mbili, bado zina harufu ya duka. Alimtupia Farida mabegani na kuanza kuzinyoosha kwa haraka, na Farida akaona kwamba mama yake anafurahi. Ilikuwa furaha ya mtu aliyekaa na jambo lake kwa miezi akilingoja liive.

"Mie nimefungwa mdomo," alisema Bi Chausiku. "Wewe hujafungwa. Hesabu yako iko palepale, nimeilinda. Nenda ukabishe hodi, Zubeda mwenyewe atakufungulia, ana njia gani tena? Mwambie mama yako hajakutuma. Ingia, simama upande wa kichwani mwa mwali, uwabebe." Alimfunga fundo, akalikaza. "Kule ndani kabisa, penye pindo la pili, usikimbilie. Pumua kwanza."

Farida hakuinuka.

"Haya, basi nianzie hapa nikusikie, nisije nikaaibika," alisema mama yake, akaketi tena, akauvuta ungo karibu. "Polepole. Mie nasikiliza tu, kusikiliza hakuvunji yamini."

Farida alifungua kinywa. Mwanzo ulikuja, na ulikuja wenyewe, bila shida, kwa mwendo wa haraka usio wake, na mwili ukataka kuucheza. Alijisikia akiutoa kama ulivyotoka dirishani kantini, kama walivyouimba makonda na wauza vocha na mume wa Bi Zubeda, neno kwa neno. Ukafika pale ulipokatwa. Hapo ukakoma, na mbele yake hapakuwa na kitu.

Kitu cha moto kilimpanda kutoka tumboni. Kilipita kifuani, mahali pale alipokuwa akitafuta kwa miezi, kikafika kooni kikamkaba. Mikono ilianza kumtetemeka. Machozi yalimtoka kwa wingi hata akashindwa kuuona uso wa mama yake, jambo ambalo labda lilikuwa heri. Sasa angeaminiwa na chumba kizima.

Nyumba ya tatu, ngoma ilikuwa inazunguka palepale, ikingoja. Jua lilikuwa limeshafika kwenye ukuta wa choo.

Bi Chausiku alidhani ni woga, au ni uzito wa jambo lenyewe. Naye alilia siku ya kwanza aliyoubeba. Alitabasamu kidogo, akamfuta binti yake shavu kwa kiganja. Kisha akagonga ungo kwa kidole, mara moja, kumwonyesha mahali pa kuingilia, akasubiri.